Hedhi imesimama nikiwa na miaka 37: ni lupasi au ni dawa?

Binti Pangani
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, nayo imeshika figo, na mwaka jana nilitundikiwa dripu za siklofosfamaidi, dawa kali ya kushusha kinga, kila mwezi kwa miezi sita. Tangu dripu ya tano sijaona siku zangu, usiku naamka nimelowa jasho, na kliniki niliambiwa tu kwamba wagonjwa wa lupasi ndivyo walivyo. Nina mtoto mmoja na nilitarajia kupata mwingine. Je, ni lupasi yenyewe inayowahisha kukoma kwa hedhi, au ni dawa? Na homoni za kutuliza hali hii ni salama kwangu?

Muuguzi Mstaafu
Marahaba, mwanangu, na pole sana. Jibu ulilopewa halitoshi. Wanawake wengi hukoma hedhi wakikaribia miaka 51. Ikikoma kabla ya 40, hilo ni tatizo la ovari linalostahili kuchunguzwa na kutibiwa. Siklofosfamaidi hushambulia mayai pamoja na chembe za kinga zinazoumiza figo, na madhara yake hutegemea zaidi jumla ya dozi na umri wa mgonjwa: msichana wa miaka 20 mara nyingi huona tena hedhi kwa kuwa akiba yake ya mayai bado ni kubwa, ilhali aliyevuka 30 yumo katika hatari zaidi. Ndiyo maana utaratibu wa Euro-Lupus, uliochapishwa mwaka 2002, wa miligramu 500 kila baada ya wiki mbili mara sita, yaani gramu 3 tu kwa jumla, una nafuu kubwa kwa ovari. Inanisikitisha kwamba wagonjwa wengi hawaelezwi haya kabla ya dripu ya kwanza, wakati bado wana nafasi ya kuchagua.

Hata hivyo, usikubali kwamba hedhi imekoma kabisa kabla ya kupimwa. Lupasi ikipamba moto, figo zikidhoofika, tezi ya shingo ikiwa na hitilafu au prolaktini (homoni ya maziwa) ikipanda, hedhi inaweza kusimama ilhali ovari zingali hai. Omba kipimo cha ujauzito, kisha homoni za FSH (inayoziamsha ovari) na estrojeni (inayotengenezwa na ovari). Wapo ambao hedhi huwarudia bila kutarajia na mimba ikashika, jambo la hatari ikiwa sasa unatumia mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, kwa sababu dawa hiyo huharibu kijusi.

Mama wa Wawili
Pole, mdogo wangu. Mimi pia nina lupasi, na hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 41, kwa hiyo suala la homoni nimelifuatilia kwa karibu. Utafiti wa SELENA wa mwaka 2005 uliwahusisha wanawake 351 wenye lupasi waliokwisha kukoma hedhi, na waliopewa homoni walipata milipuko ya lupasi midogo na ya wastani kwa wingi zaidi, lakini milipuko mikali ilibaki michache. Walioshiriki, hata hivyo, ugonjwa wao ulikuwa umetulia. La kuuliza kwanza ni kama una kingamwili za antifosfolipidi, zile zinazogandisha damu, kwa maana ukiwa nazo homoni hizo hazishauriwi. Usisahau mifupa pia: prednisoloni, dawa ya steroidi tunayopewa wengi wetu, huidhoofisha, na kukosa estrojeni mapema huongeza hasara hiyohiyo, hivyo zungumza na daktari kuhusu kalisiamu na vitamini D hata kama homoni hutazitumia.

Muuguzi Mstaafu
Naongeza jambo moja kuhusu jasho la usiku. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa, tusilihesabu moja kwa moja kuwa ni la kukoma hedhi, kwa sababu kifua kikuu nacho huja hivyohivyo. Ukipungua uzito, ukikohoa au joto likifika 38, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali upimwe makohozi na upigwe picha ya kifua, na uwaambie wazi dawa unazotumia.