Apdeti ya Windows inagoma kuingia: amri, ISO au kupiga upya?

Mwanga_Stesheni (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Mwanga, kompyuta tatu za mezani, zote Windows 11. Moja inanitoa jasho. Apdeti ya mwezi inashuka hadi mwisho, mashine inazima na kuwaka, halafu inatangaza kwamba inarudisha mabadiliko nyuma. Namba inayobaki ni 0x80073712. Kesho yake inapakua upya na bando linateketea.

Nimeshauriwa njia tatu: kufuta folda ya apdeti, kurekebisha kwa ISO (faili moja lenye Windows nzima ya kusakinishia) bila kupoteza kitu, au kupiga Windows upya, yaani kufuta na kusakinisha mwanzo. Mashine hiyo ndiyo yenye programu ya hesabu na fomu za wateja, na printa kubwa iko hapo. Natumia hotspoti ya simu. Ipi ina nafuu?

FundiUjiji
Piga upya mkuu. Flashi ya GB 8 tu, saa moja na nusu una mashine safi. Mimi mteja akiniletea apdeti iliyogoma sisomi hata hiyo namba.

DadaKasulu
Fundi, saa moja na nusu ni yako. Za mwenye duka hujazihesabu: drayva ya printa, leseni ya programu ya hesabu, nywila ambazo hakuna aliyeziandika.

Na namba isomwe jamani, maana ndiyo inayochagua njia. 0x80073712 inasema hazina ya Windows yenyewe, ile ya WinSxS, ina faili zilizoharibika au hazipo. Kufuta SoftwareDistribution, ndiyo hiyo folda ya apdeti, ni kwa apdeti iliyoshuka nusunusu mtandao ukakatika: unasimamisha huduma za wuauserv na bits zinazoshusha apdeti, unaibadilisha jina folda, unaziwasha tena. Kwa hali yako utapakua kila kitu upya na itagoma palepale. Njia hiyo ya kwanza isahau kabisa.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hiyo DISM inarekebisha hazina. Ikimaliza ndipo uandike sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha faili za Windows. Usigeuze mpangilio, kwa sababu sfc huchukua faili nzima kutoka kwenye hazina hiyohiyo, na hazina ikiwa mbovu haina cha kukupa. DISM ikikaa muda mrefu kwenye asilimia 62 usiizime. Iache, kauze soda.

Mwanga_Stesheni
Shukrani dada. Hiyo DISM inakula bando?

DadaKasulu
Inakula, kwa kawaida faili za kurekebishia inazifuata kwa Microsoft kupitia Windows Update. Ila ukiwa na ISO unaweza kuielekeza huko. Bofya ISO mara mbili ifunguke kama diski, tuseme ni E, kisha:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

LimitAccess inaizuia kwenda mtandaoni. Hiyo 1 baada ya install.wim ni nafasi ya toleo ndani ya faili, Home na Pro hazikai nafasi moja. Zitazame kwa DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim. Ukikuta install.esd badala ya wim, kila palipo na wim kwenye amri weka esd.

Isevya_TBR (Tabora)
Kabla ya yote, tazama saa na tarehe ya hiyo mashine. Kompyuta za mezani zilizozeeka betri ya ubao mama, CR2032, ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma. Tarehe ikiwa ya uongo, vyeti vya usalama vinakataliwa na apdeti haipatikani. Betri ni bei ya chai na chapati, watu wanapiga Windows bure. Najua namba ya mleta mada ni nyingine, lakini anayesoma huenda shida yake ni hiyo.

KibondoNet
Yangu ni Windows 10, 0x80070643 kila mara. DISM nimepiga, folda nimefuta, bado.

DadaKasulu
KibondoNet, hiyo ilisumbua dunia nzima kuanzia Januari 2024 na apdeti yenye namba KB5034441. Kama ndiyo inayokugomea, patisheni ya urejeshaji (sehemu ya diski yenye zana za kuokoa Windows) ni ndogo, na Microsoft ilisema inahitaji MB 250 zilizo wazi. Andika reagentc /info uone hali yake. Halafu kumbuka msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo pima kama inafaa kuhangaika na patisheni.

FundiUjiji
Sawa, nimesikia. Basi mwenye duka aende na ISO, maana hata DISM ikishindwa faili analo tayari. Unaifungua, unaendesha setup.exe ukiwa ndani ya Windows, unachagua kubaki na faili na programu zako. Lugha na toleo vilingane na vilivyomo, na ISO isiwe ya zamani kuliko Windows uliyonayo, la sivyo chaguo la kubaki na programu halitokei. Flashi ya kubebea ISO ifomatiwe kwa exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili zaidi ya GB 4, na ISO ya Windows 11 inazidi hapo.

Na UPS, betri ya akiba ya kompyuta! Mashine ya mezani bila UPS, umeme ukaondoka katikati ya kazi hii, utanitafuta tu.

Isevya_TBR
Ongeza BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Windows 11 nyingi diski imefungwa nayo na mwenyewe hajui. Tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft kwanza.

Mwanga_Stesheni
Mrejesho. DISM ya mtandaoni ilikataa, ikatoa 0x800f081f. Jamaa yangu wa Lumumba alikuwa na ISO ya toleo langu. Nimeendesha setup.exe usiku, asubuhi programu ya hesabu ipo, fomu zipo, apdeti imeingia. Printa tu imebidi niiongeze upya.

Zile mbili nyingine nazo zinadai apdeti. Nipakue mara mbili?

DadaKasulu
Hapana. 0x800f081f ni kukosa chanzo cha faili, ndiyo maana ISO ikasaidia. Kwa hizo mbili, andika winver ujue toleo, nenda Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya apdeti, shusha msu (faili la apdeti) ya KB husika mara moja usiku wa bando la bei rahisi, uihamishe kwa flashi. Hakikisha ni x64, ya prosesa za biti 64 za Intel au AMD. Maelezo ya KB yakitaja nyingine inayotangulia, shusha zote mbili uziweke folda moja.