Waliolelewa na mama nesi wa Kilutheri, tupeane uzoefu

Mama Ndizi:
Wakuu habari za jioni. Tumemzika mama wiki mbili zilizopita, Machame, Kilimanjaro, kwenye kihamba cha ukoo, pembeni ya baba. Miaka 93. Leo napanga sanduku lake nikakuta ile saa ya manesi, ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini. Nikaitia ufunguo, ikatembea. Nimelia kilio ambacho hata msibani sikulia.

Kinachoniuma ni wasifu. Umesomwa kanisani dakika nne: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto saba, wajukuu, "marehemu aliwahi kufanya kazi ya uuguzi", basi. Aliwahi! Miaka 36! Ameanza enzi za sindano za kioo, zinachemshwa asubuhi kama mayai. KKKT yenyewe, kanisa letu la Kilutheri, ilikuwa haijaungana kuwa kanisa moja (iliungana 1963), na KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi, ilipofunguliwa 1971 akawa miongoni mwa waliohamia. Nusu ya waliojaa kanisani siku ile kawazalisha yeye, wengine kwa mwanga wa karabai.

Mliolelewa na mama wa aina hii semeni. Na nisaidieni: gauni lake jeupe na kofia nifanyie nini? Mume wangu anasema nigawe, dada yangu anasema vichomwe.

Kipaimara:
Pole sana dada. Wa kwangu akikupa mkono wa salamu ujue unapimwa mapigo. Nilimpeleka mchumba nyumbani siku ya kwanza, akaambiwa "mwanangu, una homa". Na kweli alikuwa nayo.

Bwana Shamba:
Ibada ya jioni kabla ya kula! Ugali unapoa, yeye anaombea wodi kitanda kwa kitanda. Namba tano, namba sita, namba saba. Majina hataji, siri ya mgonjwa. Sisi watoto wagonjwa wote tuliwajua kwa namba. Namba ikirukwa tunaangaliana.

Mkahawa:
Hahaha, na ukifumbua macho unafinywa.

Nyuki Mkali:
Mimi nitawaudhi. Wodini walikuwa watakatifu, nyumbani je? Wa kwangu usiku yuko zamu, mchana analala, Jumapili kwaya, halafu mnada wa sadaka kanisani, halafu kikao cha akina mama. Nimelelewa na dada wa kazi. Siku ya kipaimara changu alikuja na gauni la kazi, akaondoka kabla ya picha.

Bwana Shamba:
Ada alilipa nani?

Nyuki Mkali:
Alilipa baba. Usinipangie cha kukumbuka.

Kipaimara:
Jamani, huyu mwenzetu ana msiba.

Senene85:
Sikutaka kuandika, ila hilo la mama kuwa mbali limenigusa.

Sisi ni wa Kagera. 1984 nilikuwa na miaka tisa, mama nesi kwenye hospitali ya kanisa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka mmoja kabla. Watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yanaingia kwa magendo kutoka Uganda. Ndugu wanamfikisha mgonjwa getini, wanamwacha. Anayemwogesha ni mama. Glavu zenyewe zinafuliwa, zinaanikwa kambani kama soksi, zinapakwa poda, zinavaliwa tena.

Jioni moja karudi, hakutusalimia. Akachukua sahani moja, kijiko na kikombe, kikombe akakifunga uzi mwekundu kwenye mshikio. Kuanzia siku hiyo anakula peke yake. Kitinda mimba wetu, mwaka na nusu, aliachishwa ziwa usiku uleule. Alilia siku tatu, mama kakaa nje ya mlango anamsikiliza. Sisi tukaambiwa tusimkumbatie. Nilimchukia. Nilijua katuchoka.

Kumbe sindano ilimchoma akimtoa mgonjwa damu. Aliwaambia wawili tu, baba na mchungaji. Kipimo hakuna. Akaishi hivyo zaidi ya miaka mitatu, na kila asubuhi anarudi kuwaogesha walewale. Vipimo vilipoletwa akapimwa, hana kitu. Alirudi nyumbani saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakata ule uzi kwa meno, akachukua kikombe changu akanywa chai yangu. Alinyoosha mikono. Nilishakuwa mkubwa, nikaona aibu, nikakimbilia migombani.

Amefariki 2022, miaka 80.

Kipaimara:
Nimesoma mara mbili. Sina neno.

Jembe Halimtupi:
Chumvi nyingi. Ukimwi hauambukizwi kwa sahani.

Senene85:
Mkuu, 1984 huo nani angekuja kijijini kutwambia hivyo?

Mkahawa:
Achana naye. Huyo kitinda mimba yuko wapi?

Senene85:
Fundi magari Mwanza. Hakumbuki chochote. Kikombe anacho yeye.

Zamu ya Usiku:
Mama Ndizi usisahaulike hapa. Mchungaji msimlaumu, pengine siku hiyo alikuwa na maziko mengine mawili. Andikeni wasifu upya, usomwe siku ya kujengea kaburi. Gauni mpe mwanafunzi wa uuguzi.

Bwana Shamba:
Halitamtosha. Wale mama walikuwa wembamba kwa kuzunguka wodini. Kata vipande, kila mjukuu kimoja.

Jembe Halimtupi:
Mngemzika nalo. Sasa choma tu.

Mkahawa:
Ukichoma gauni la mama, ndizi hazitazaa miaka saba. Natania. Lakini usichome.

Mama Ndizi:
Nimelifua, liko kambani. Mfukoni kulikuwa na plasta na peremende moja, imeyeyuka ikagandia kitambaa. Zile peremende alikuwa anawapa watoto baada ya sindano. Sisi wa kwake hatukupewa, alisema tumeshazoea.

Nyuki Mkali:
Senene umenifanya nimpigie mama usiku huu. Yuko hai, ana 84. Nilitaka kuuliza habari ya ile picha. Hata sijafungua mdomo kaniuliza nimekula nini, halafu choo napata vizuri?

Bwana Shamba:
Sasa, unapata?