Kim Garth: kutoka Ayalandi hadi Australia, inaruhusiwaje?

Mdau_Kriketi: Wakuu, huyu dada aliichezea Ayalandi kriketi tangu 2010 akiwa na miaka 14. Imekuwaje sasa anavaa jezi ya Australia?

Mshono: Kanuni inaruhusu, ila unasubiri miaka 3 tangu mechi yako ya mwisho ya taifa. Aliichezea Ayalandi mwisho 2019, akahamia Melbourne 2020 kwa mkataba wa timu ya jimbo la Victoria, Desemba 2022 akacheza dhidi ya India. Kwa mrushaji mpira kama yeye, miaka hiyo ni mingi mno!

OvaSita: Na Juni 2023 akacheza Testi, ile mechi ndefu ya siku kadhaa, uwanja wa Trent Bridge, Uingereza. Wanawake wa Ayalandi wamewahi kucheza Testi moja tu, mwaka 2000. Silaha yake mpira mpya: anaurusha mshono wa mpira ukiwa wima, nao unapinda hewani. Mng'ao ukipungua, kupinda huko kwa kawaida hupungua, ndiyo maana hupewa ova (mirusho sita sita) za mwanzo.