Kuacha kubana kalori baada ya miezi minane: apande vipi, kwa kasi gani?

Kipimo_Sawa aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba mwongozo wenye namba, maana "kula vizuri tu" haumsaidii mtu.

Mfano ni huu: mwanamke wa miaka 30, urefu sentimita 165, ameshuka kutoka kilo 71 hadi 58 kwa miezi minane akila takriban kalori 1,200 kwa siku. Sasa uzito umegoma, anasikia baridi muda wote, usingizi wa kukatikakatika, na hedhi haijaonekana miezi mitatu. Anataka kurudi kula kawaida. Apande kwa kiasi gani? Mizani ikiruka, atajuaje kama ni mafuta au la? Na ile hatari ya kulishwa ghafla baada ya njaa inamhusu, au ni ya wagonjwa mahututi tu?

Lishe_Kwanza alijibu:

Naanza na swali la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuua.

Mtu akikaa na njaa, akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli hupungua hata kama kipimo cha damu kinaonyesha kawaida. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini hupanda na seli huyavuta madini hayo kutoka kwenye damu kwa mkupuo. Vitamini B1 nayo hutumika haraka. Fosfeti ikiporomoka, moyo na misuli ya kupumulia hulegea. Hatari kubwa ipo siku chache za mwanzo.

Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, inamhesabu mtu kuwa hatarini akiwa na jambo moja kati ya haya: BMI (kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita mara mbili) chini ya 16, kupoteza zaidi ya 15% ya uzito bila kukusudia ndani ya miezi 3 hadi 6, kutokula au kula kidogo sana kwa zaidi ya siku 10, au madini hayo kuwa chini kabla ya kulishwa. Au akiwa na mawili kati ya haya: BMI chini ya 18.5, kupoteza zaidi ya 10% kwa muda uleule, siku zaidi ya 5 bila chakula cha maana, au historia ya pombe kupita kiasi au dawa kama insulini, za saratani, za kupunguza asidi tumboni na za kuongeza mkojo. Hao huanzia hospitali, kwa kalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na vitamini B1 hutangulia chakula.

Huyu wa mfano ana BMI ya 21.3 na amekuwa akila kila siku, kwa hiyo kwa kawaida hayumo. Lakini tazama kwa karibu: kilo 13 kwa miezi minane, zikigawanywa sawasawa, ni kama kilo 9.75 kwa miezi sita, karibu 14%. Hata kama alipunguza kwa makusudi, sitaipuuza namba hiyo. Akiwa pia anatumia vidonge vya kuongeza mkojo, au alifunga siku kadhaa mfululizo, apimwe fosfeti, potasiamu na magnesiamu kabla ya kuongeza chochote. Muulizeni waziwazi kuhusu vidonge vya mkojo, vya kuharisha na kujitapisha. Watu wengi hawavitaji wasipoulizwa. Akikubali kuwa anajitapisha, au hofu ya chakula ndiyo inayomwongoza, huyo anahitaji timu ya matibabu, namba za jukwaani hazimtoshi.

Polepole alijibu:

Kwa asiye hatarini, njia salama ni kuongeza kalori 50 kila wiki ili mwili usishtuke na asinenepe.

Mizani_na_Maji alijibu:

Polepole, ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Fanya hesabu: mahitaji yake kwa kanuni ya Mifflin (hukadiria kalori kwa uzito, urefu, umri na jinsia) ni kama kalori 1,300 akiwa amelala tu. Zidisha kwa 1.5 kwa shughuli za kawaida, unapata 1,950. Kutoka 1,200 kwa hatua ya 50 ni wiki 15. Yaani karibu miezi minne mingine ya upungufu kwa mtu ambaye hedhi imeshakatika. Huko ni kuendelea kubana kwa jina jingine.

Mimi ningepanda 400 siku ya kwanza, kufika 1,600. Wiki ya pili 1,800. Wiki ya tatu 1,950. Nyongeza nyingi iwe wanga na mafuta: wali au viazi zaidi kidogo, kijiko cha chakula cha mafuta (kama kalori 120), konzi ya karanga. Protini ibaki gramu 1.6 kwa kilo, kama gramu 93. Milo mitatu na vitafunio viwili, kwa saa maalumu, hata asiposikia njaa. Tumbo lililozoea kidogo hutoa chakula polepole, kwa hiyo kujaa gesi na choo kigumu ni kawaida wiki za mwanzo. Kosa la wengi hapo ni kukimbilia mboga mbichi nyingi, zinazojaza tumbo bila kuleta kalori.

Sasa mizani. Tuseme Jumatatu inasoma 58.0 na Ijumaa 59.8. Ili hiyo iwe mafuta, angepaswa kula karibu kalori 13,900 *juu* ya mahitaji yake kwa siku nne. Haiwezekani kwa mlo wa 1,600. Kilichotokea ni kwamba misuli na ini vimejaza glikojeni (akiba ya wanga mwilini), na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Gramu 400 tu huleta kilo 1.6. Kilichobaki ni chakula kilichomo njiani na chumvi, kwa sababu insulini huifanya figo izuie sodiamu. Apime kila asubuhi na alinganishe wastani wa wiki kwa wiki, kuanzia wiki ya tatu. Kabla ya hapo namba haina maana, na ndiyo inayowarudisha watu wengi kwenye 1,200.

Abonyeze kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde tano. Shimo dogo linalojaa taratibu ni maji. Uvimbe ukipanda juu ya goti, au ukija na kukosa pumzi, mapigo ya ajabu au kuchanganyikiwa, aende hospitali siku hiyohiyo.

Lishe_Kwanza alijibu:

Naongeza mawili. Njaa inaweza kubaki kali hata baada ya kufika 1,950. Katika jaribio la Minnesota la 1944 hadi 1945, lililoongozwa na Ancel Keys, wanaume 36 walipunguziwa chakula kwa wiki 24 wakapoteza karibu robo ya uzito. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi walivuka kalori 5,000 kwa siku na bado wakasema wana njaa. Akifika 2,300 siku fulani, asiikate kesho yake, kwa sababu ndipo mzunguko wa kula kupita kiasi unapoanzia.

Hedhi: miezi mitatu inatosha kumwona daktari, kwanza kuondoa ujauzito, kisha tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa). Ikiwa chanzo ni nishati ndogo, huenda ikachukua miezi kurudi, na mara nyingi kilo kadhaa lazima zirudi nazo. Wakati huo mifupa inapungua uimara, kwa hiyo mazoezi mazito ya kukimbia yasubiri.