Mada ya utafiti: mwanafunzi apewe au aitafute mwenyewe?

Mwalimu wa Kongwa: Wadau, mwaka wa tatu wameanza kuandika mapendekezo ya utafiti, na wengi wanaleta kitu kama "Athari za uhaba wa maji kwa ufaulu". Wapi? Kwa nani? Kimya. Naona msimamizi awape mada zilizokwisha kunyooshwa, wachague. Sasa hivi wanaanza na fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa, tatizo la utafiti linatafutwa baadaye.

Kijana wa Ifakara: Hapo kwenye Yamane umenigusa, mwalimu. Shule ilikuwa na wanafunzi 1,200, kosa linaloruhusiwa 0.05, nikapata wa kuhojiwa 300. Nikagawa hojaji 300 juani, kwa miguu yangu. Msimamizi ndiye aliyeniambia bila fomula sipiti. Leo mimi mvivu?

Mwalimu wa Kongwa: Neno uvivu sijalitamka.

Kijana wa Ifakara: Hukulitamka, ila ndilo ulilomaanisha.

Mpenda Takwimu: Hesabu ya 300 ni sahihi. Ila uliwapataje? Fomula inataka uwachague kwa nasibu. Ukiwapa waliokaa karibu na mlango, haikusaidii kitu. Na kwa kosa hilo la 0.05, hata shule ingekuwa na watoto milioni, idadi ya kuhojiwa isingevuka 400.

Shemeji wa Moro: Si 384 hiyo ya Yamane?

Mpenda Takwimu: Hapana, 384 ni ya jedwali la Krejcie na Morgan, 1970, nalo la kupatia idadi ya kuhojiwa. Watu wanavichanganya kila mwaka.

Shemeji wa Moro: Sawa, nimekosea. Lakini kijana wa watu msimtoe jasho mara mbili.

Kijana wa Ifakara: Nilishika daftari la mahudhurio, darasa kwa darasa, nikachukua kila jina la nne.

Mpenda Takwimu: Kila la nne? Basi umefanya kazi, niwie radhi. Uliwauliza nini?

Kijana wa Ifakara: "Je, uhaba wa maji unaathiri masomo yako?" Karibu wote walijibu ndiyo, sana.

Binti wa Chamwino: Na nani angejibu hapana? Mimi nimesoma shule ya kata. Saa kumi na moja alfajiri tupo bombani, ndoo za lita 20 foleni, sare ndani ya kanga. Wavulana unawahesabu kwa vidole. Aliye nyuma ya foleni anafika shule kipindi cha pili, na cha kwanza kilikuwa hisabati kila siku. Hesabu za sehemu nimejifunza ukubwani. Tatizo la utafiti ni hilo: kipindi gani kinapotea, na kinampotea nani? Msimamizi hawezi kunipa mada hiyo, hajawahi kupanga ndoo.

Babu Daktari: Umesema kweli, mjukuu wangu. Kipindupindu kilipoua watu Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow aliuliza: waliokufa walikunywa maji ya bomba lipi? Akaenda nyumba kwa nyumba na swali hilo.

Mwalimu wa Kongwa: Binti, nakubali, mada hiyo nisingeweza kumpa mtu. Lakini aliyekulia mjini, mwenye wiki tatu tu za kukusanya data, ataipata wapi?

Kijana wa Ifakara: Mwalimu, mimi ndiye huyo wa mjini. Shule ile ilikuwa na daftari la wachelewaji, lipo mezani kwa mwalimu wa zamu. Kila asubuhi niliweka hojaji zangu juu yake. Wiki tatu nzima, sikulifungua.