Naomba ushauri: wino kwenye lebo za plastiki unafutika

Ndugu wataalamu, habari zenu. Tunachapa namba za bechi na misimbopau kwenye lebo za polipropilini za chupa za sabuni ya maji, kwa printa inayohamisha wino wa utepe kwa joto, na maandishi hutoka meusi na safi lakini hufutika mara tu mkono wenye sabuni unapoyagusa. Utepe wa nta tupu niliuacha, kwa kuwa unafaa karatasi zaidi. Sasa natumia wa nta iliyochanganywa na resini, yaani aina ya plastiki inayoyeyuka kwa joto. Nikipandisha joto wino hushika vizuri zaidi, ila mistari ya msimbopau huvimba na skana hukataa kuisoma. Nikipunguza kasi, hali huwa afadhali kidogo. Kichwa cha printa nakisafisha kwa spiriti kila ninapobadilisha utepe, hivyo ninachoshuku ni lebo zenyewe, maana polipropilini ambayo uso wake haukutibiwa kiwandani haishiki wino kirahisi. Je, nihamie utepe wa resini tupu, ambao ni ghali na unadai joto kubwa zaidi, au nitafute kwanza lebo zilizopakwa tabaka la kupokea wino? Na kabla ya kununua mzigo mkubwa, mnapima ushikaji wa wino kwa kubandika na kubandua selotepu tu, au kuna njia ya kuaminika zaidi?