Man United: Nafasi ya 15 ni aibu, na fainali ya Bilbao isitumike kuificha

Wakuu, ligi ya England ya msimu wa 2024/25 imeisha. Tumeifunga Aston Villa 2-0 siku ya mwisho na tayari kuna watu wanashangilia. Mnashangilia nini? Manchester United imemaliza ya 15! Pointi 42, vipigo 18, tumefunga magoli 44 na kufungwa 54. Tangu tuliposhuka daraja mwaka 1974 hatujawahi kumaliza chini namna hii.

Na hizo pointi 42 zenyewe tuzichambue. Tumeshinda mechi 11 tu, tano kati ya hizo dhidi ya Leicester, Southampton na Ipswich, yaani timu zote tatu zilizoshuka. Ukiziweka kando timu hizo, tumeshinda mara sita katika mechi 32. Old Trafford tumefungwa mara tisa. Wolves wameondoka na pointi tatu, West Ham wameondoka nazo, Palace pia. Bournemouth walitupiga tatu bila majibu, wiki ile ile ya Krismasi.

Kila ukisema haya unajibiwa, "Lakini Ulaya tulifika fainali." Kweli tulifika fainali ya Europa League, kombe la pili la vilabu vya Ulaya, iliyochezwa mjini Bilbao, Hispania, na usiku wa robo fainali dhidi ya Lyon nililia kwa furaha. Tuko nyuma 4-2 muda wa ziada, Bruno penalti, Mainoo, halafu Maguire kwa kichwa dakika ya 121. Tano kwa nne! Nusu fainali tukaichapa Athletic Bilbao jumla ya 7-1. Vijana walipambana na siwadai chochote kwa usiku ule.

Ninachokasirikia ni kwamba Europa League imegeuzwa kichaka cha kujifichia. Baada ya kuifunga Leicester katikati ya Machi tumecheza mechi nane za ligi bila ushindi, tukaokota pointi mbili, na kila wiki tunaambiwa tusubiri fainali. Tumesubiri. Tarehe 21 Mei Brennan Johnson akafunga dakika ya 42, Tottenham wakarudi nyuma kulinda, na sisi hatukuwa na mtu wa kusawazisha. Tottenham hao hao wamemaliza ya 17, na msimu huu wametufunga mara nne: mbili kwenye ligi, moja Carabao (kombe la ligi), moja Bilbao. Kwa hiyo msimu wa 2025/26 hakuna Ulaya kabisa, hata ile Conference, kombe la tatu.

Haya hayajaanguka kutoka mbinguni. Julai 2024 uongozi ulimwongezea kocha Ten Hag mkataba. Ukamsajilia De Ligt, Mazraoui, Zirkzee. Oktoba 28 ukamfukuza! Mkurugenzi wa michezo, Ashworth, tuliyemngoja miezi mingi, akaondoka baada ya miezi mitano. Akaletwa kocha Amorim katikati ya msimu na mfumo wake wa mabeki watatu, huku kikosi kikiwa kimesajiliwa kwa mfumo mwingine. Januari wakawatoa Rashford na Antony kwa mkopo, na hawakuleta straika hata mmoja.

Matokeo yake ni haya: Højlund magoli manne ya ligi, Zirkzee matatu. Jumla saba kwa washambuliaji wawili wa kati. McTominay, kiungo tuliyemuuza Napoli Agosti kwa sababu ni mtoto wa akademi, hatukumnunua, na hesabu za mapato zinapendeza ukimuuza maana pesa yote inahesabika faida, amefunga 12 kule Italia. Siku mbili baada ya sisi kulia Bilbao, yeye alifunga dhidi ya Cagliari, akabeba ubingwa wa Serie A na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Hili linaniuma kuliko fainali yenyewe, maana hakuna aliyetulazimisha.

Na bili wameletewa wasiohusika. Wafanyakazi wa kawaida wa klabu wamepunguzwa kazi kwa mamia. Katikati ya msimu tiketi zilizobaki zikawekwa pauni 66 kwa kila mtu, mtoto na mzee bei moja. Wakubwa wengine waliofanya maamuzi ya usajili na makocha walibaki ofisini.

Mimi, ligi ilipoisha Mei 2025, sikutaka Amorim afukuzwe. Tungefukuza tena tungeanza upya kwa mara ya tatu. Nilitaka wamiliki, familia ya Glazer na Ratcliffe, waseme hadharani nani aliamua Januari ipite bila straika, na kama mtu huyo ndiye angesajili tena dirisha lililofuata. Anayeona nawaonea viongozi aje na hoja, ila asiniletee Lyon.